Sindano ya mapafu ya mtoto njiti na homoni nyuma yake

Mama mjamzito anafika hospitali akiwa na wiki 30. Chupa imepasuka na uchungu umeanza. Muuguzi anamchoma sindano na kumwambia ni ya kukomaza mapafu ya mtoto. Swali linalofuata limetufikia mara nyingi katika vipindi vyetu vya afya ya uzazi: dawa anachomwa mama, inafikaje kwenye mapafu ya mtoto? Na kwa nini mwingine, kwenye zahanati ya jirani, huambiwa kwamba hatachomwa hapo bali apelekwe kwanza hospitali kubwa?

Majibu ya maswali yote mawili yamo katika homoni moja, kotisoli, ambayo wengi wetu tunaijua kwa sifa mbaya. Ndiyo homoni ya msongo, ile inayopanda mtu anapoogopa, anapoumwa au anapokosa usingizi kwa mawazo. Lakini hiyohiyo ndiyo humtayarisha mtoto kuvuta pumzi yake ya kwanza. Ikimfikia mapema mno au kwa wingi mno humdhuru, na isipomfikia kabisa huzaliwa hajawa tayari. Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya kutimiza wiki 37, ametoka kabla mfumo wa homoni hiyo haujakamilika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watoto wa namna hiyo walikuwa milioni 13.4 duniani kote.

Tezi kubwa kuliko mwenyewe anavyoihitaji

Tuanze na mtu mzima. Ukikoswakoswa na bodaboda barabarani, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, haipothalamasi, hutoa ujumbe wa kikemikali. Ujumbe huo huenda kwenye tezi ya pituitari, ambayo ukubwa wake ni kama punje ya njegere. Pituitari nayo hutuma ujumbe wake kwa njia ya damu hadi kwenye tezi mbili za adrenali, zilizokaa juu ya figo kama kofia, na tezi hizo hutoa kotisoli. Sukari hupanda katika damu, msukumo wa damu hushikiliwa usianguke, na kinga ya mwili hupunguzwa makali kwa muda. Kotisoli ikishatosha, hurudi kuuarifu ubongo uache kutuma amri. Mwili wenye afya unahitaji vyote viwili, kuwaka na kujizima.

Kwa mtoto aliye tumboni mambo ni tofauti. Tezi zake za adrenali huanza kujengeka wiki za mwanzo kabisa, na kwa muda fulani mimba ikiwa bado changa hulingana na figo kwa ukubwa, au hata kuzipita. Anapozaliwa huwa kama theluthi ya figo. Kwako wewe msomaji, tezi hiyo ni kama sehemu moja tu ya thelathini ya figo. Ukipima kwa uzito wa mwili, binadamu hawi tena na tezi kubwa kiasi hicho maisha yake yote.

Cha ajabu, kiwanda hicho kikubwa hakitengenezi kotisoli nyingi. Sehemu kubwa ya tezi, kama asilimia 80, ni tabaka la muda lenye upungufu wa kimeng'enya kimoja kinachohitajika katika kutengeneza kotisoli. Badala yake tabaka hilo hutengeneza malighafi inayosafiri hadi kwenye kondo la nyuma, na kondo huigeuza kuwa estrojeni. Ni ubia: mtoto ana malighafi, kondo lina mtambo, na hakuna anayeweza kuitengeneza estrojeni hiyo peke yake. Baada ya kuzaliwa, tabaka hilo la muda husinyaa katika wiki za mwanzo na tezi hupungua karibu nusu ya uzito wake.

Kotisoli yenyewe mtoto huitengeneza kidogo mwanzoni, karibu wiki ya 7 hadi ya 10, kisha uzalishaji hushuka kwa miezi kadhaa na kupanda kwa nguvu wiki za mwisho. Kushuka huko kuna sababu. Kotisoli huziambia chembe za mwili ziache kuongezeka na zianze kukomaa. Kiungo ambacho bado kinajengwa kikipewa amri hiyo mapema, hubaki kidogo. Fundi hapaki rangi ukuta ambao bado unapandishwa tofali.

Mlinzi aliye kwenye kondo

Lakini mtoto huyu anayejitengenezea kotisoli kwa uchache anaishi ndani ya mtu mwenye kotisoli tele. Damu ya mama ina kiwango kinachoweza kufika mara 5 hadi 10 ya kile cha mtoto, na ujauzito wenyewe hukiongeza. Kingepita chote, viungo vya mtoto vingeharakishwa kukomaa kabla havijajengwa.

Hakipiti chote kwa sababu kondo la nyuma lina kimeng'enya ambacho wanasayansi hukiita 11-beta-HSD aina ya pili. Sisi tutakiita mlinzi. Kotisoli ya mama inapofika mlangoni, mlinzi huigeuza kuwa kotisoni, ambayo haina nguvu. Inayoponyoka ni kidogo.

Mlinzi huyu ana uchaguzi wake. Prednisoloni, inayomezwa na baadhi ya wajawazito wenye pumu au magonjwa ya kinga, huidhoofisha pia, na sehemu ndogo tu humfikia mtoto. Tunalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu wapo wanaoacha dawa za pumu mara wanapojua wana mimba, kwa hofu ya kumdhuru mtoto. Shambulio la pumu linalomkosesha mama oksijeni ni hatari kubwa zaidi kwa wote wawili, na uamuzi wa kubadili dawa ni wa kufanywa pamoja na daktari.

Deksamethasoni na betamethasoni ni ndugu wa kotisoli waliotengenezwa maabara, na umbo lao la kikemikali humfanya mlinzi ashindwe kuzigeuza vizuri. Hupita kutoka damu ya mama hadi damu ya mtoto zikiwa na nguvu zake. Ndiyo sababu mama huchomwa hizo anapotarajiwa kujifungua mapema: ni njia ya kumpelekea mtoto, kupitia kwa mama, ile amri ya kukomaa ambayo mwili wake ulikuwa bado haujaitoa.

Mlinzi anaweza pia kudhoofika. Kwa wajawazito wenye shinikizo la damu la mimba, lile linaloweza kufikia kifafa cha mimba, watafiti wamekuta nguvu zake zimepungua. Kwa panya waliolishwa chakula chenye protini kidogo ilionekana vivyo hivyo. Na yupo adui asiyetarajiwa: urukususu, ule mzizi mtamu. Ndani yake kuna kemikali inayokizuia kimeng'enya hiki kufanya kazi. Nchini Finland, ambako peremende nyeusi za mzizi huo huliwa sana, watafiti walifuatilia watoto wa miaka 8 na kukuta kwamba wale ambao mama zao walikula nyingi wakati wa ujauzito walikuwa na kotisoli ya juu kuliko wenzao. Kipande kimoja cha peremende hakimtishi mtu, lakini mjamzito anayetumia urukususu kila siku kama dawa ya kikohozi au ya tumbo angefanya vema kumwambia mkunga.

Mama mwenye mawazo

Hapa tunafika kwenye swali zito zaidi. Kama kotisoli ya mama inaweza kumfikia mtoto, je, mawazo ya mama yanamdhuru?

Kwanza tuseme jambo ambalo halisemwi vya kutosha: ugomvi wa jioni moja, siku mbaya kazini au hofu ya kujifungua si mambo ya kumfanya mama alale akijilaumu. Mlinzi yupo, na mwili wa mjamzito wenyewe hupunguza kasi ya kuitikia msongo kadiri siku zinavyokwenda. Tetemeko la ardhi la Northridge, California, Januari 1994, liliwapa watafiti nafasi ya kulipima hili. Wanawake waliokuwa na mimba changa walilieleza tetemeko lilelile kuwa lilikuwa na msongo mkubwa kuliko walivyolieleza waliokuwa miezi ya mwisho. Wale wa mimba changa pia walijifungua mapema kidogo.

Msongo mkubwa na wa muda mrefu ni habari nyingine, na sehemu ya ushahidi wake imetoka katika eneo letu. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliolinganisha wanawake wa Kitutsi waliokuwa wajawazito na kupitia mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994 na wenzao waliokuwa wajawazito wakati huohuo lakini hawakuyapitia. Karibu miaka 20 baadaye, mama walionusurika na watoto waliokuwa tumboni wakati ule walikuwa na kotisoli ya chini kuliko kundi la pili. Ya chini, si ya juu. Hilo huwashangaza wengi, lakini mfumo uliosukumwa kupita kiasi unaweza kuishia kuitikia kidogo badala ya kuitikia sana.

Watafiti hao walitazama pia jeni inayotengeneza kipokezi cha kotisoli, yaani kile kitasa ambacho homoni hiyo huingia ili ifanye kazi. Walikuta alama za kikemikali juu ya jeni hiyo, ambazo huipunguza sauti, zikiwa nyingi zaidi kwa walionusurika na kwa watoto wao. Miaka miwili kabla, utafiti wa mama 25 na watoto wao wachanga huko Goma, mashariki mwa Kongo, ulikuwa umekuta uhusiano kati ya dhiki za vita alizopitia mama, alama hizohizo kwa mtoto mchanga na uzito mdogo wa kuzaliwa.

Tafiti hizi ni ndogo. Mtoto wa mama aliyenusurika mauaji amelelewa pia na mama mwenye majeraha, na si rahisi kutenganisha kilichotokea tumboni na kilichofuata. Tunachokataa ni namna zinavyotumiwa vibaya, pale mama mwenye mimba anapoambiwa kwamba machozi yake yanamharibu mtoto. Anayepaswa kuulizwa katika habari ya Goma ni mwenye bunduki. Na mjamzito anayepigwa nyumbani au asiye na chakula hasaidiwi kwa kuambiwa atulie.

Mwanakondoo wa Auckland

Turudi kwenye sindano, maana historia yake ni ya kushangaza. Katika miaka ya 1960, daktari wa New Zealand, Graham Liggins, alikuwa anatafuta ni nani anayeamua siku ya kuzaliwa, mama au mtoto. Alifanya majaribio kwa kondoo. Alipoiharibu pituitari ya mwanakondoo aliye tumboni, mimba iliendelea kupita siku zake. Alipompa mwanakondoo homoni za jamii ya kotisoli, uchungu ulianza mapema. Kwa kondoo, basi, mtoto ndiye mwenye kauli.

Kisha akaona jambo ambalo hakulitafuta. Baadhi ya wanakondoo waliozaliwa mapema kabisa kwa njia hiyo walikuwa wanapumua, wakati mapafu yao hayakutakiwa kuweza kujaa hewa. Homoni aliyowapa ili kuanzisha uchungu ilikuwa imeyakomaza mapafu. Ndani ya mapafu, vifuko vidogo vya hewa huhitaji ute maalumu unaovizuia kugandamana kila mtoto anapotoa pumzi. Kotisoli ndiyo huziamuru chembe za mapafu kuutengeneza ute huo. Asipokuwa nao, mtoto njiti hufanya kazi ya kufungua puto jipya kwa kila pumzi, hadi achoke.

Liggins na daktari mwenzake wa watoto, Ross Howie, walilijaribu hilo kwa wanawake 282 mjini Auckland, wakitumia betamethasoni. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972. Kwa watoto ambao mama zao hawakupewa dawa, asilimia 25.8 walipata ugonjwa wa kushindwa kupumua. Kwa waliopewa, asilimia 9. Vifo vya siku za mwanzo vilikuwa asilimia 15 dhidi ya 3.2.

Ungetarajia dunia nzima ianze kuitumia mwaka uliofuata. Haikuwa hivyo. Madaktari wengi waliogopa, wengine hawakusadiki, na mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 wajawazito wengi hata katika nchi tajiri hawakuwa wakipewa. Shirika la Cochrane, linalokusanya na kupima ushahidi wa tiba, liliweka mistari ya majaribio ya dawa hii katika nembo yake kama kumbukumbu ya uchelewaji huo.

Dawa moja, matokeo mawili

Deksamethasoni ni ya bei nafuu na hupatikana karibu kila mahali, kwa hiyo wazo la kuipeleka hadi kwenye zahanati za vijijini lilikuwa zuri. Jaribio kubwa lilifanyika Argentina, Guatemala, India, Pakistan, Zambia na Kenya, likihusisha karibu uzazi 100,000. Wahudumu walifundishwa kumtambua mjamzito aliye karibu kujifungua mapema na kumchoma dawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalimshtua kila mtu. Vifo vya watoto wadogo zaidi kwa uzito havikupungua. Kwa watoto wote kwa jumla vifo viliongezeka, kutoka 23.9 hadi 27.4 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, na mama walioshukiwa kuwa na maambukizi walikuwa wengi zaidi katika maeneo yaliyotumia dawa.

Shirika la Afya Duniani likarudia swali kwa namna nyingine. Safari hii dawa ilitolewa katika hospitali 29 za Kenya, Nigeria, India, Pakistan na Bangladesh, kwa wanawake 2,852 ambao umri wa mimba ulithibitishwa kwa altrasaundi kuwa kati ya wiki 26 na mwisho wa wiki ya 33, katika sehemu zenye uwezo wa kumhudumia njiti baada ya kuzaliwa. Vifo vya watoto wachanga vilikuwa asilimia 19.6 kwa waliopata dawa na 23.5 kwa wasioipata. Jaribio lilisimamishwa mapema kwa sababu faida ilikuwa imeshaonekana wazi.

Dawa ni ileile. Tofauti ni mambo yanayoizunguka. Katika jaribio la kwanza, wengi waliochomwa walikuja kujifungua mimba ikiwa imetimia. Watoto wao walipata amri ya kukomaa ambayo hawakuihitaji, na hawakupata faida ya mapafu kwa sababu yangekomaa yenyewe. Dawa hii pia hupunguza kinga, hivyo mama mwenye maambukizi yaliyojificha anaweza kuzidiwa. Na mapafu yaliyokomaa hayamfai sana mtoto wa kilo moja ambaye hakuna wa kumpa joto, maziwa na hewa.

Ndiyo maana mwongozo wa shirika hilo unaweka masharti: umri wa mimba ujulikane kwa uhakika na uwe kati ya wiki 24 na 34, uwezekano wa kujifungua ndani ya siku 7 uwe mkubwa, mama asiwe na dalili za maambukizi, na pawepo huduma ya uzazi na ya njiti. Muuguzi wa zahanati anayekwambia nenda hospitali ya rufaa kwanza huenda anayafuata masharti hayo, wala hakunyimi haki yako. Na sharti la kwanza linaanzia mbali, kwenye kliniki ya wajawazito. Altrasaundi ya miezi ya mwanzo hukisia umri wa mimba kwa usahihi zaidi kuliko ile ya mwishoni, kwa hiyo anayeanza kliniki mwezi wa saba amechelewa kwa jambo hili pia.

Akizaliwa kabla ya wakati

Mtoto anapotoka wiki ya 26, kondo linabaki nyuma na mlinzi anabaki nalo. Huyu anayezaliwa ana tezi ambazo bado ziko katika shughuli za tumboni, na kwa njiti wengi homoni za lile tabaka la muda huendelea kuonekana kwa wingi katika damu kwa wiki kadhaa, ingawa kondo la kuzitumia halipo tena. Kotisoli anayoitoa mara nyingi ni ndogo kuliko inavyostahili kwa mtoto mgonjwa kiasi hicho. Madaktari huliona hilo wakati msukumo wa damu wa mtoto unapoanguka na dawa za kawaida za kuupandisha hazisaidii.

Je, apewe tu kotisoli ya dawa? Historia inatufundisha tahadhari. Katika miaka ya 1990 njiti wengi walipewa deksamethasoni kwa wingi baada ya kuzaliwa ili watolewe kwenye mashine za kupumulia. Walitoka haraka. Baadaye ikaonekana kwamba mtindio wa ubongo ulikuwa mwingi zaidi miongoni mwao, na mwaka 2002 vyama vya madaktari wa watoto vya Marekani na Kanada vilitoa onyo dhidi ya matumizi hayo ya kawaida. Ni homoni ya jamii ileile, lakini mara hii ilikuwa nyingi, kwa siku nyingi, kwenye ubongo uliokuwa bado unajengwa.

Ufaransa walijaribu njia ya upole zaidi: haidrokotisoni, yaani kotisoli yenyewe kama dawa, kwa kiasi kidogo, kwa watoto waliozaliwa kabla ya wiki 28. Matokeo ya mwaka 2016 yalionyesha kwamba asilimia 60 waliishi bila ugonjwa sugu wa mapafu, dhidi ya 51 kwa wasioipata. Hata hivyo, kwa waliozaliwa wiki ya 24 na ya 25, maambukizi ya damu yaliongezeka. Haijawa dawa ya kila njiti.

Kimya cha njiti

Lipo jambo moja ambalo halihitaji dawa ghali, nalo tunadhani ndilo linalosahaulika kuliko yote. Mtoto njiti huumia.

Mpaka miaka ya 1980 madaktari wengi waliamini kwamba ubongo wa mtoto mchanga haujakomaa vya kutosha kuhisi maumivu. Watoto walifanyiwa upasuaji wakiwa wamepewa gesi ya kutuliza na dawa ya kulegeza misuli, basi. Mwaka 1987 daktari mwenye asili ya India, Kanwaljeet Anand, pamoja na wenzake wa Oxford, walilinganisha njiti waliofanyiwa upasuaji wa kufunga mshipa ulio karibu na moyo. Kundi moja liliongezewa fentanili, dawa kali ya maumivu. Kundi ambalo halikuipata lilikuwa na homoni za msongo zilizopanda sana, na likapata matatizo zaidi baada ya upasuaji. Mfumo ambao haujakomaa ulikuwa unawaka vizuri kabisa. Hakuwepo aliyeuangalia.

Upasuaji ni wa wachache, lakini sindano ni za wote. Utafiti wa hospitali za eneo la Paris uliochapishwa mwaka 2008 ulihesabu vitendo vya kuumiza wanavyofanyiwa watoto wachanga katika vyumba vya uangalizi maalumu: kutobolewa kisigino, kuingizwa mpira puani, kunyonywa makohozi. Kwa kipimo cha kati vilikuwa 10 kwa siku kwa kila mtoto, na karibu vinne katika kila vitano vilifanyika bila kitu cha kupunguza maumivu. Huko Vancouver, Kanada, Ruth Grunau na wenzake walipima kotisoli ya watoto waliozaliwa mapema mno. Wakiwa na miezi 3 ilikuwa chini kuliko ya waliozaliwa kwa wakati. Kufikia miezi 8 na 18 ilikuwa juu.

Tatizo ni kwamba njiti mdogo sana hana nguvu za kulia kwa sauti. Anakunja uso, anatanua vidole, anabadilika rangi, au analegea kabisa. Wodi nzima inaweza kuwa kimya na watoto wakawa wanaumia. Mzazi aliyekaa na mtoto siku nyingi huzijua dalili hizo mapema, na ana haki ya kuzitaja.

Vya kupunguza maumivu vipo: kunyonya titi wakati wa kuchomwa kwa mtoto anayeweza kunyonya, matone ya maji ya sukari yaliyopimwa na wahudumu kwa asiyeweza, kumshika akiwa amejikunja kama alivyokuwa tumboni, na kukusanya vipimo kadhaa ili atobolewe mara moja badala ya tatu. Na kimoja kinazidi vyote kwa mapana yake, nacho ni kifua cha mama.

Njia ya kangaroo ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, pale daktari Edgar Rey Sanabria alipokosa mashine za joto za kutosha na kuwafunga watoto vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Ilionekana kama njia ya maskini. Mtoto aliyebebwa hivyo hupata joto, hunyonya mapema, mapigo ya moyo wake hutulia, na akichomwa sindano huonyesha maumivu kidogo kuliko aliyelala peke yake.

Kwa miaka mingi sharti lilikuwa kwamba mtoto kwanza atengemae, ndipo apewe mama. Jaribio la Shirika la Afya Duniani lililofanyika Tanzania, Malawi, Ghana, Nigeria na India liliuliza itakuwaje akipewa mara tu baada ya kuzaliwa, hata akiwa bado anahitaji oksijeni. Watoto 3,211 wenye uzito wa kati ya kilo 1 na pungufu kidogo ya 1.8 walishirikishwa. Matokeo ya mwaka 2021 yalikuwa vifo asilimia 12 kwa waliopewa mapema, na 15.7 kwa waliosubirishwa.

Ili hilo liwezekane, wodi zilibidi kubadilishwa. Mama alipewa kitanda chake ndani ya chumba kilekile cha njiti, akawa anahudumiwa humo humo, na mtoto akawa kifuani karibu saa 17 kwa siku. Mama ambaye bado hakuwa na nguvu baada ya upasuaji alisaidiwa na mtu mwingine wa kumbeba mtoto mpaka yeye apate nafuu. Bibi anaweza, shangazi anaweza, na baba pia, mradi awe na afya njema, amenawa na amefungua shati. Wodi ambayo hadi leo inamruhusu mama kuingia saa za kunyonyesha tu inaweza kuulizwa, kwa adabu, ni kitu gani inakosa kati ya kitanda cha mama, kitenge cha kumfungia mtoto na nafasi ya mita mbili ukutani.